Staringi Anayekufa Mara Mbili

Watazamaji wa sinema wa Tanzania wana kanuni yao ya zamani: staringi hafi. Apigwe risasi, atoswe baharini, jengo limwangukie, subiri kidogo utamwona anajipangusa vumbi na kumfuata adui. Constantine, filamu iliyoingia kwenye kumbi za Marekani Februari 2005, ina staringi aliyekwisha kufa kabla hadithi haijaanza na anayekufa tena kabla haijaisha, mara zote mbili kwa mkono wake mwenyewe. Naamini ugomvi wa miaka yote hii juu ya filamu hiyo unatoka hapo, ingawa wagombanao hupenda kutaja mambo mengine: rangi ya nywele, lafudhi, bunduki yenye umbo la msalaba, uso mkavu wa Keanu Reeves.

Kwa aliyesahau kisa, au aliyeiona zamani kwenye zile DVD za filamu nyingi kwa mkupuo: John Constantine tangu utotoni anawaona malaika na mashetani wanaotembea kati yetu wakiwa wamevaa sura za watu. Maono hayo yalimshinda, akajiua akiwa kijana. Alikufa kwa dakika mbili, akaionja jehanamu, madaktari wakamrudisha. Kwa sheria ya ulimwengu ule, hukumu yake imeshaandikwa. Basi anazunguka Los Angeles akipunga pepo, si kwa huruma, ila kwa matumaini ya kuinunua njia ya mbinguni kabla saratani ya mapafu haijammaliza. Amevuta sigara 30 kwa siku tangu ana miaka 15. Polisi mmoja, Angela Dodson, anayeigizwa na Rachel Weisz, anamjia kwa sababu pacha wake Isabel amejirusha kutoka juu ya hospitali, naye hakubali kwamba dada yake yuko motoni. Nyuma ya yote hayo Mammon, mwana wa Lusifa, anatafuta tundu la kuingilia duniani, na anayemfungulia mlango ni malaika Gabrieli.

Wahakiki wengi waliikataa. Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago, aliipa nyota moja na nusu kati ya nne. Lakini filamu ilikusanya zaidi ya dola milioni 200 duniani kote, na kati ya hizo Marekani yenyewe haikutoa hata milioni 80. Waliolipa walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa mbali na Los Angeles.

Niliwakutanisha watu wanne kuijadili. Majina yao siyaweki, kazi zao zinatosha. Msomaji ni mtu wa makamo anayekusanya vitabu vya katuni vya Kiingereza. Mhariri ni mwanamke anayekata na kuunga picha za tamthilia za televisheni. Katekista ni mzee mstaafu wa parokia. Ustadhi anafundisha madrasa, na watoto wake wa kiume ndio waliomwonyesha filamu hiyo, jambo ambalo hajawasamehe kikamilifu.

MSOMAJI: Naomba nianze, kwa sababu hapa mimi ndiye niliyeibiwa. John Constantine alizaliwa mwaka 1985 katika kitabu cha Swamp Thing, mwandishi akiwa Alan Moore. Wachoraji, Stephen Bissette na John Totleben, walitaka mtu mwenye sura ya Sting, yule mwanamuziki. Mwaka 1988 akapewa kitabu chake mwenyewe, Hellblazer, kikaenda matoleo 300 hadi 2013. Ni Mwingereza, nywele za dhahabu, mtoto wa Liverpool, koti refu la rangi ya mchanga. Katika toleo la tatu Jamie Delano anaonyesha mashetani wakifanya biashara ya roho za watu kama hisa za soko, siku za uchaguzi wa 1987 uliomrudisha Thatcher madarakani. Huyo ndiye mtu wangu. Wamarekani wamemvalisha suti nyeusi na kumhamishia California.

MHARIRI: Kaka, ulikwenda kuangalia filamu au kukagua vitambulisho?

MSOMAJI: Cheka, dada.

MHARIRI: Sicheki. Mwaka 2014 televisheni ya NBC ilikupa yote unayoyadai. Matt Ryan, nywele za dhahabu, koti, lafudhi, kila kitu. Vipindi 13, wakafunga. Nywele hazikumwokoa.

MSOMAJI: Matt Ryan alikuwa Constantine halisi, na kilichomuua ni ratiba za televisheni. Lakini sawa, tuziache nywele. Mimi nalia na hasira. Mtu wa Liverpool ya miaka ya 80 anatoka kwenye mji ambao bandari yake imekufa na vijana hawana kazi. Ndiyo maana hamtii bwana yeyote, wa juu wala wa chini. Jehanamu ya vitabu vile ni siasa. Ukimhamisha mtu huyo bila hasira yake, unabaki na bwana mmoja mwenye huzuni anayekohoa.

MHARIRI: Na mimi nakwambia kuhama kulilipa. Jehanamu ya filamu ile ni Los Angeles yenyewe. Barabara kuu ileile, magari yaleyale, ila yameoza kwa kutu, na upepo wa moto unapuliza bila kukoma. Francis Lawrence alikuwa anaongoza filamu ndefu kwa mara ya kwanza, alitoka kwenye video za muziki. Alichukua picha za majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani, zile za miaka ya 50, nyumba inasimama halafu ukuta unachanika kama karatasi. Akauliza, je, sekunde ile isingeisha? Hakuna mashimo ya moto wala mikuki yenye meno matatu. Ni mtaa wako, umeharibika milele. Nimekata picha miaka mingi, na sijaona jehanamu nyingine iliyonifanya nitazame nje ya dirisha.

KATEKISTA: Hapo binti yangu nakuunga mkono. Na wale viumbe wake wenye vichwa vilivyokatwa juu, hawana macho wala ubongo. Kuzimu kusiko na akili. Fundi aliyewabuni alifikiri vizuri.

Ningeweza kuwaacha waendelee na picha, maana kila aliyeiona filamu hii ana picha yake: kioo kilichofunga pepo kikirushwa dirishani na kuangukia gari, Constantine akikaa na miguu ndani ya maji huku amemshika paka ili avuke kwenda kuzimu. Upande wa pili kuna mapigano ya hospitali, na juu yake hakuna mengi ya kusema. Mfumo wa kuzimia moto unamwaga maji yaliyobarikiwa, bunduki inalia, mashetani wanaungua. Mhariri alikiri kwamba dakika zile angezipunguza nusu, hata Msomaji akakubali, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana. Ustadhi alikuwa bado hajasema neno.

USTADHI: Mimi nina jambo moja, nalo ni zito. Jibril. Huyu ndiye aliyemletea Mtume wahyi. Hakuna mtoto wa madrasa asiyemjua. Halafu naonyeshwa amevaa suti, anamkanyaga mtu shingoni, anapanga njama na mwana wa Shetani. Wenzangu hapa mnaongelea nywele!

MHARIRI: Ustadhi, Tilda Swinton aliicheza nafasi ile kwa namna ambayo…

USTADHI: Dada yangu, sina ugomvi na huyo mama. Aliigiza vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Naongelea akili ya kisa. Kwetu malaika hawaasi, hawana hata njia ya kuasi, wanafanya waliloamrishwa. Iblis aliweza kukataa kusujudu kwa sababu Qurani inamtaja kuwa alikuwa katika majini, na majini wameumbwa kwa moto, wamepewa hiari. Kwa hiyo malaika mwenye kinyongo ni kitu ambacho hakipo. Ni kama kunisimulia habari za maji yanayoungua.

KATEKISTA: Kwetu sisi, Ustadhi, malaika waliwahi kuanguka. Ila huyu Gabrieli hakuwa miongoni mwao, huyu ni wa habari njema kwa Bikira Maria. Nilikasirika kama wewe. Nilipotulia nikamsikiliza anasema nini. Anasema wanadamu wamepewa zawadi kubwa mno bure: muuaji akitubu anasamehewa, anakumbatiwa. Anasema nimewatazama muda mrefu, na utukufu wenu huonekana mnapokuwa kwenye hofu na mateso tu. Basi niwaletee mateso, watakaobaki watastahili kupendwa. Mwalimu wa dini yeyote ameisikia sauti hiyo. Ni yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu. Mdogo wake karudi kutoka kula mali na makahaba, ndama aliyenona kachinjwa, yeye kasimama nje hataki kuingia.

USTADHI: Mfano umenifika. Basi wangempa jina jingine.

MHARIRI: Filamu yenyewe inasema si malaika kamili, ni mahuluti. Malaika na mashetani halisi hawaruhusiwi kuvuka kuja huku. Wanaotembea duniani ni nusu kwa nusu. Ndiyo sheria ya ile mizani kati ya Mungu na Lusifa.

USTADHI: Mahuluti aliyebeba jina la Jibril. Asante.

Hapa Ustadhi nampa haki yake, ila si yote. Jina lingebadilishwa, mtazamaji wa Zanzibar au Mombasa angeitazama filamu kwa moyo mwepesi, na kisa kisingepoteza kitu. Lakini kinyongo chenyewe kina uzito, na ni nadra adui wa filamu ya mashujaa kuwa na hoja ambayo mtazamaji anaenda nayo nyumbani. Maadui wengi wa aina hiyo wanataka kuimaliza dunia kwa sababu mwandishi amehitaji dunia imalizwe. Gabrieli anataka watu wastahili. Hao tunaishi nao, na baadhi yao wanaongoza kamati zetu.

Kisha Katekista akaleta jambo ambalo sikuwa nimelitarajia.

KATEKISTA: Sasa niseme la kwangu. Mnajua parokia zetu. Padri ana vigango kumi, kumi na viwili. Mtu akifa kigangoni na padri yuko mbali, anayeongoza mazishi ni katekista. Nimewazika waliojiua. Nimekaa na mama zao. Mapema katika filamu hii Angela anamwomba padri amzike pacha wake kikanisa, naye anakatazwa, dhambi ya mauti. Nikauliza, hili ni kanisa la mwaka gani? Sheria ya Kanisa ya 1917 ndiyo iliyowanyima mazishi waliojiua kwa kusudi. Ile ya 1983 haiwataji tena katika orodha hiyo. Katekisimu ya 1992 inasema wazi kwamba maradhi makubwa ya akili, au hofu kuu, hupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, maana Mungu ana njia zake anazozijua mwenyewe. Isabel alikuwa mgonjwa, kalazwa hospitali ya akili. Na Constantine alikuwa mtoto aliyekuwa akiona mapepo! Filamu ya 2005 inawahukumu wote wawili kwa sheria iliyofutwa miaka 22 nyuma.

MSOMAJI: Na kwenye kitabu, Mzee, hilo halipo kabisa. Sehemu kubwa ya filamu imetoka kwenye simulizi ya Garth Ennis ya 1991, matoleo ya 41 hadi 46. Saratani ya mapafu ipo. Kuhukumiwa kwa kujiua hakuna. Shetani anamtaka John kwa sababu alitapeliwa naye. John alikuwa na rafiki huko Ireland, mlevi aliyeiuza roho yake. Usiku ambao shetani alikuja kuichukua, John akamnywesha bia nyeusi iliyokuwa imegeuzwa kutoka maji ya baraka. Kile kinywaji kikarudi kuwa maji ya baraka tumboni mwa shetani. Ndiyo chuki ilipoanzia.

KATEKISTA: (anacheka sana) Hiyo ningeiangalia!

MSOMAJI: Ndiyo nasema nimeibiwa.

MHARIRI: Lakini Mzee, turudi kwenye lako, kwa sababu nadhani ndilo jambo lenyewe. Filamu inajua kwamba sheria ile ni katili. Imeiweka ili watu wake wagombane nayo. Constantine anakwenda kwa Gabrieli analalamika: nimefukuza pepo wangapi, nimefanya kazi kiasi gani, bado tu? Angela anakataa jibu la padri, filamu nzima ni kukataa kwake. Ungeleta ile katekisimu ya 1992 dakika ya kumi, hadithi ingekwisha palepale.

KATEKISTA: Hadithi ingekwisha, sawa. Lakini mama aliyemzika mwanawe jana akiiona filamu hii usiku kwenye televisheni, yeye hajui kwamba ile sheria imewekwa ili watu wagombane nayo. Yeye anaona mtoto wake yuko kwenye ule upepo.

Hakuna aliyemjibu mara moja, na sikutaka kulazimisha. Nilitazama tena filamu baada ya mazungumzo yetu, nikaona Mhariri na Katekista wanaongelea tukio lilelile wakiwa wamesimama pande mbili za mlango. Mtunzi anahitaji sheria isiyo na huruma ili huruma, ikija, iwe na thamani. Anayekaa na wafiwa anajua sheria hiyo iliwahi kuwa kweli, na watu walizikwa nje ya uzio wa makaburi kwa sababu yake. Sioni namna ya kuwapatanisha, na nadhani hii ni sababu mojawapo inayofanya watu wawili wenye akili zao watoke kwenye filamu moja, mmoja amesisimka na mwingine amechukizwa.

Tukafika mwisho wa filamu. Kama hujaiona na unataka kuiona, ruka hapa.

Mammon yuko karibu kuvuka kupitia mwili wa Angela. Gabrieli amemtupa Constantine chumba cha pili. Hana nguvu wala silaha. Anachojua ni kwamba kuna roho moja tu ambayo Lusifa aliahidi kuifuata mwenyewe, na roho hiyo ni yake. Basi anajitoa uhai kwa makusudi. Muda unasimama. Lusifa anaingia, Peter Stormare, suti nyeupe, miguu mitupu inayodondosha lami nyeusi. Constantine anamtonya kwamba mwanawe anataka kumpora dunia. Lusifa anaingia chumba cha pili, anamrudisha mwanawe kuzimu. Gabrieli anauinua mkono wa kumpiga na hakuna kinachotokea, Mungu hayuko nyuma yake tena, mabawa yanateketea. Lusifa anarudi akiwa na deni. Unataka nini, muda zaidi? Constantine anamwomba amwachie Isabel aende mbinguni. Anaachiwa. Lusifa anamkamata kumburuta, mwili unakuwa mzito, kisha unaanza kupaa. Kwa kujitoa kwa ajili ya mwingine, amesamehewa. Akiwa anapaa anamnyooshea Lusifa kidole cha matusi. Lusifa anapiga kelele, anaingiza mikono kifuani mwake, anang'oa ile lami ya saratani. Anamponya, ili aishi, ili apate nafasi ya kukosea tena.

MSOMAJI: Kidole kile ndicho kitu pekee cha John wangu kwenye filamu yote. Na tuseme ukweli, ni utapeli. Kwenye kitabu anaiuza roho yake kwa wafalme wengine wawili wa kuzimu, kila mmoja kwa siri. Anapokufa wote watatu wanakuja na hati zao. Wakipigana, mbingu itawachukulia nchi yao. Wakamponya kwa shingo upande. Ni ujanja mtupu, hakuna neema, hakuna machozi. Filamu imeuchukua ujanja huo ikaupaka mafuta ya misa.

KATEKISTA: Kwa hiyo alijua atapaa?

MSOMAJI: Alijua! Mtu wa hesabu yule. Alipiga hesabu ya Mammon, akapiga na ya Isabel.

KATEKISTA: Kama alijua, basi haikuwa sadaka, ulikuwa mkopo. Anayetoa akijua atarudishiwa na riba hajatoa. Na hapo filamu inaanguka kabisa, maana mbingu inakuwa imedanganyika. Shetani kudanganyika naelewa. Mungu?

MHARIRI: Tazameni uso wake. Mimi kazi yangu ni nyuso. Mhariri akitaka ujue mtu anapanga jambo, anakupa picha moja: jicho linakimbia pembeni, mdomo unajikunja, kabla ya tendo. Hapa hakuna. Anaomba kwa ajili ya Isabel akiwa amelegea, amechoka. Mwili ukishaanza kupaa ndipo anatabasamu na kidole kinakuja. Watu wanasema Keanu Reeves hana uso. Pale ukavu wake ndio unaoshikilia filamu. Mwigizaji mwenye uso mwingi angetuambia jibu, na tungekuwa tumeshasahau.

USTADHI: Mnashangaza. Mwenzenu nilikuja kulalamika, lakini pale mwisho ndipo palinikalisha. Kwetu amali huhesabiwa kwa nia, na nia haionekani. Watoto wangu walikuwa wanabishana vilevile: alijua, hakujua. Nikawaambia, ninyi mnataka kufungua kifua cha mtu. Filamu ilipata akili ya kutokifungua. Kasoro yao ni kwamba baadaye Lusifa ndiye anayekifungua.

KATEKISTA: (kwa Ustadhi) Ndugu yangu, na wewe umekuwa mhakiki!

Sasa na mimi niseme msimamo wangu, maana mwenye kualika wageni asijifiche jikoni. Mwanzoni mwa filamu Gabrieli anamwambia Constantine sababu ya kukataliwa kwake: wewe unajua kwamba Mungu yupo, kujua si kuamini, na kila unalofanya unalifanya kununua. Huo ndio mtihani, umewekwa mapema, na aliyeuweka ni msaliti. Kumwita Lusifa kulikuwa ujanja, hakuna ubishi, alijua nani atakuja na atamkasirikia nani. Lakini ombi la Isabel halikuwa na faida ambayo angeweza kuihesabu. Aliahidiwa muda, na muda ndicho kitu alichokuwa anakililia tangu picha ya kwanza. Akakiacha. Kupaa kulimshtua yeye kama kulivyomshtua Lusifa, na kidole ni cha mtu aliyeokota ushindi, si aliyeupanga. Ndivyo ninavyoiona, na kwa hiyo nadhani filamu iko juu ya kitabu hapo, na ni hapo tu. Ujanja wa Ennis unachekesha na una ukali wake, lakini baada ya kuusoma unampongeza John. Baada ya filamu unabaki na swali juu ya mtu.

Msomaji hakukubali, na sikutegemea akubali.

MHARIRI: Kuna mtu hamjamtaja hata mara moja. Midnite. Mwafrika pekee mwenye nafasi kubwa mle, Djimon Hounsou, mzaliwa wa Cotonou, Benin, nchi ambayo Vodun ni dini ya hadharani na ina sikukuu yake ya taifa Januari 10. Nini wamempa? Baa. Ana kofia nzuri na anatunza mizani kati ya mbingu na kuzimu, na anacho kile kiti cha umeme cha gereza la Sing Sing.

MSOMAJI: Kitabuni alikuwa mbaya zaidi, dada. Toleo la kwanza kabisa, yuko New York, anapiganisha wafu kwenye klabu yake watu wakitazama. Filamu ilimpa heshima.

MHARIRI: Heshima ya mwenye duka. Kuzimu ni kwa Kilatini, mbingu ni kwa Kilatini, mizimu ya kwao imewekwa kwenye rafu.

USTADHI: Hapo tuko chombo kimoja. Ulimwengu mzima umo chini ya makuhani wa Roma. Majini wa pwani wakitaka kuonekana kwenye filamu kama hiyo watatafuta pasipoti.

KATEKISTA: Ustadhi, hata sisi wa Roma tumeshasema haikuwa Roma yetu.

Nilipowauliza juu ya sehemu ya pili, mazungumzo yalichangamka tena. Septemba 2022 zilitoka habari kwamba Warner Bros. inaiandaa, Reeves na Lawrence wakirudi. Kwa filamu ambayo wahakiki waliizika, hilo si jambo dogo. Walioifufua ni watazamaji, hasa wale walioikuta baadaye nyumbani, wakiwa peke yao usiku, bila mtu wa kuwaambia waipende au wasiipende.

KATEKISTA: Mimi ningependa waanze na mazishi ya Isabel. Tuone anavyozikwa.

MHARIRI: Mzee, nani atalipa kiingilio kuangalia mazishi?

KATEKISTA: Wote mnalipa kiingilio kuangalia watu wakifa. Mnachokikimbia ni kuwazika tu.

USTADHI: Mimi sijabadilika. Jina.

MHARIRI: Na wewe, kaka? Utakwenda?

MSOMAJI: Siku ya kwanza, onyesho la kwanza.

MHARIRI: Kwa mwizi wako?

MSOMAJI: Ile ya kwanza inaisha John anatafuna bazoka. Mapafu mapya, kaacha sigara, amekuwa mtu mwema wa California. John wangu aliponywa na mashetani watatu na bado hakuacha kuvuta. Nataka nione kama ameanza tena.